Adapta ya Wi-Fi ya USB Inapokwenda Polepole kwenye Linux

Kabla hujairudisha adapta dukani kwa madai kwamba ni mbovu, tunakushauri uandike amri "lsusb -t". Ukisoma 480M, imeunganishwa kwa USB 2.0, nayo haitavuka megabiti 480 kwa sekunde hata boksi likiahidi zaidi. Jaribu tundu la USB 3.0, litakaloonyesha 5000M iwapo adapta inaliweza. Tundu hilo nalo huweza kuvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4, hivyo isogeze mbali kwa waya wa kurefushia.

Linalotukera zaidi ni hili: baadhi ya watengenezaji hubadilisha chipu ndani bila kubadilisha jina la bidhaa, na chipu mpya huhitaji draiva nyingine. Muulize muuzaji namba ya toleo, naye aiandike kwenye risiti.