Vipande vya Protini: Soma Nyuma ya Karatasi Kabla ya Kula



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, siku hizi katika maduka makubwa ya mijini vinauzwa vipande vilivyofungwa kwa karatasi za kung'aa, umbo lake mfano wa kashata ndefu au chokoleti. Kwa mbele pameandikwa kwa herufi kubwa "protein". Vijana wanaocheza mpira huvinunua wakitaka nguvu, na baadhi ya wazazi huviweka katika mkoba wa mtoto wakiamini kuwa ni bora kuliko biskuti. Je, ni kweli? Jibu ni kwamba vipo vizuri na vipo vibaya, na tofauti yake haiko mbele ya karatasi bali nyuma.

VIMETOKA WAPI?

Vipande vya namna hii vilienea kwanza kama chakula cha wanariadha. Mwaka 1986 huko California, Marekani, mkimbiaji wa marathoni kutoka Canada, Brian Maxwell, alianzisha biashara ya PowerBar, kipande cha kumpa mkimbiaji nguvu katika mbio ndefu. Baadaye viwanda vingi vilifuata, na vingine vikazidisha protini kwa ajili ya wanaojenga misuli. Tukumbuke basi kwamba kitu hiki kilikusudiwa mtu anayekimbia kilomita 42, si mtoto anayekaa darasani tangu asubuhi.

MWILI UNAHITAJI PROTINI KIASI GANI?

Protini hujenga misuli, damu na ngozi, na mtoto anayekua anaihitaji sana. Kwa mwanafunzi wa umri wa shule, takribani gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku inatosha. Mwenye kilo 35 anahitaji kama gramu 35. Sasa tupige hesabu ya vyakula vya nyumbani: yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Hizo ni gramu 29 tayari, na bado hatujahesabu samaki, dagaa, chapati wala wali. Kwa hiyo mtoto anayepata milo yake vizuri hana upungufu ambao lazima uzibwe na kipande cha dukani.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

1. Mpangilio wa vitu vilivyomo. Kwa kawaida vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito hadi kilicho kidogo. Ukiona sukari, sharubati ya glukosi au chokoleti imetajwa mwanzoni, jua kuwa umeshika peremende iliyovalishwa jina la protini. Ukiona karanga, lozi, maziwa au soya ndizo zilizotangulia, hiyo ni dalili njema.

2. Sukari. Gramu 4 za sukari ni sawa na kijiko kimoja cha chai. Chukua mfano wa kipande chenye protini gramu 6 na sukari gramu 20. Huyo mtoto amekula protini ya yai moja pamoja na vijiko vitano vya sukari! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Tahadhari pia: mara nyingi hesabu huandikwa kwa gramu 100. Angalia uzito wa kipande chenyewe ndipo upige hesabu.

3. Vitamu visivyo sukari. Baadhi hutiwa maltitoli au sorbitoli, ambazo kitaalamu huitwa alkoholi za sukari. Jina lisikutishe, kwani hazilevi wala si pombe. Lakini zikizidi huleta gesi na kuharisha, hasa kwa watoto.

4. Uhalali wake. Hili kwetu ndilo la kwanza kwa uzito. Ukisoma "gelatin" au "collagen", hizo hutengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama: nguruwe, ng'ombe, au pengine samaki. Isipotajwa ya mnyama gani, hujui unachokula. Na hata ikiwa ya ng'ombe, linabaki suala la namna alivyochinjwa. Vitu kama E471 na E422 huweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya wanyama. E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu. Tafuta alama ya halali ya taasisi inayojulikana, na yale ambayo wanazuoni wamekhitilafiana muulize ustadh wako. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo yenye kutatiza, mwenye kuyaepuka amejilinda dini yake na heshima yake.

Zaidi ya hayo, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Na usimgawie mwenzako kabla ya kumuuliza, kwani wapo ambao karanga au maziwa huwadhuru vibaya. Mwenye maradhi ya figo au kisukari apate kwanza ushauri wa daktari.

TUNAWEZA KUTENGENEZA NYUMBANI

Kashata zetu za karanga zina protini, ila nyingi hutiwa sukari kupita kiasi. Jaribuni hii: twanga vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa bila mafuta. Ongeza kikombe kimoja cha tende laini zilizotolewa kokwa na vijiko viwili vya ufuta. Twanga vyote mpaka vishikane, shindilia katika sinia na ukate vipande 12. Kila kimoja kina kama gramu 6 za protini, na hakuna sukari ya kuongeza. Tende nazo zina sukari yake ya asili, hivyo kipande kimoja au viwili vinatosha. Zichambueni karanga kwanza na kutupa zenye ukungu, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kukaangwa. Vipande hivi vinafaa baada ya mazoezi, na wakati wa daku pamoja na maji ya kutosha.

HITIMISHO

Katika Suratul Baqarah, aya ya 168, Allah (S.W.) ametuamrisha kula vilivyo halali na vilivyo vizuri. Hayo ni mambo mawili, na yote mawili ni ya kutafutwa. Chakula chaweza kuwa halali na kikadhuru mwili kwa wingi wa sukari, na chaweza kuujenga mwili huku uhalali wake una shaka. Anayejua kusoma nyuma ya karatasi amejikinga na yote mawili, na pesa zake pia, kwani bei ya kipande kimoja mara nyingi hutosha kununua mayai kadhaa ya familia.

Basi, mwanafunzi mpendwa, utakapoingia dukani na wazazi wako, wewe uwe msomaji wao. Geuza karatasi, soma, kisha uamue.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie riziki ya halali, afya njema na elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.