Lugha ya Jukwaani

Siku ya kwanza ya somo la uigizaji, katika shule moja ya sekondari ya pwani, mwalimu wetu hakutuamuru tufungue vitabu. Alitutoa nje, akatuketisha chini ya mwembe, akachora kwa jivu mstatili mpana juu ya mchanga, akamsimamisha kijana mmoja katikati yake akituelekea, kisha akamwambia aende kushoto. Kijana yule alifikiri kidogo, akaenda upande ambao sisi tuliokaa tuliuona ni wa kulia, na darasa zima, nami nikiwamo, likapaza sauti kwamba amekosea. Mwalimu akangoja kelele zitulie, kisha akasema kwamba mwenzetu hakukosea hata kidogo, bali sisi ndio tuliokuwa bado hatujaijua lugha ya mahali pale.

Katika lugha ya jukwaa, kulia na kushoto ni kwa mwigizaji aliyeielekea hadhira, wala si kwa mtazamaji. Sababu yake ni sahali kufahamika mtu akisimama mwenyewe juu ya mbao: mwigizaji ndiye atakayekwenda, atakayebeba kiti, atakayemkwepa mwenziwe gizani, na kumtaka ageuze pande zote kichwani kabla ya kila hatua ni kumtwisha taklifu isiyokuwa na lazima. Mwongozaji, ambaye wakati wa mazoezi hukaa upande wa watazamaji, ndiye apaswaye kugeuza, naye hujizoeza mpaka jambo lile likawa tabia. Wafaransa waliikimbia dhiki hii kwa njia yao wenyewe. Katika kasri la Tuileries mjini Paris palikuwa na jumba la michezo lililopakana na bustani upande mmoja na ua wa kasri upande wa pili, na waigizaji wakazoea kusema upande wa bustani na upande wa ua, badala ya kushoto na kulia kwa mtazamaji. Kasri lile liliteketea kwa moto mwaka 1871, lakini hata leo mwigizaji wa Kifaransa, awapo katika ukumbi usio na bustani wala ua karibu yake, huambiwa aingie kwa upande wa bustani, naye hajiulizi mara mbili.

Upande wa mbele na nyuma una mashaka yake pia, na hapa Kiswahili kinamtaka mwalimu awe na hadhari. Waingereza husema juu na chini ya jukwaa, kwa kuwa zamani majukwaa mengi ya Ulaya yalijengwa kwa mteremko, sehemu ya nyuma ikiinuka ili watazamaji wawaone waigizaji wote; aliyekwenda nyuma alipanda kwelikweli, na aliyekuja mbele alishuka. Sisi tunasema mbele ya jukwaa na nyuma ya jukwaa, maneno mazuri yasiyohitaji kilima, lakini neno nyuma ya jukwaa laweza kuchukuliwa kwa maana mbili: sehemu ya jukwaa iliyo mbali na watazamaji, ambamo mwigizaji angali anaonekana, na mahali pa faragha nyuma ya kila kitu, ambamo watu hubadili nguo na kungoja zamu zao. Nimemwona msichana aliyeagizwa arudi nyuma ya jukwaa akatoweka kabisa, na mwenziwe akabaki akiuambia upepo maneno ya mapenzi. Mwalimu wetu alikata shauri mapema: nyuma ya jukwaa ni pale pa mbali panapoonekana, na pale pasipoonekana ni nyuma ya pazia. Nadhani uamuzi huo unafaa kufuatwa katika kila shule, kwa sababu nyuma ya pazia ni usemi ambao kila Mswahili anaujua maana yake hata kama hajapata kuona mchezo maishani mwake.

Baada ya pande tulifundishwa majina ya vitu, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda lugha yangu kwa namna ambayo somo la sarufi halikupata kunipa. Aghalabu tunadhani kwamba istilahi za tamthilia ni maneno ya kitabuni, yaliyotungwa na wataalamu ili kuwachosha watoto. Kumbe mengi katika hayo yametoka majumbani, mashambani na katika kazi za mikono. Jukwaa, kabla halijawa la waigizaji, lilikuwa la waashi: miti na mbao zilizofungwa pamoja ili fundi apate kusimama juu akijenga ukuta. Ndugu yake ni ulingo, ambao mkulima aliupanda kuamia ndege na kulinda mavuno. Ukumbi ni sehemu ya nyumba ya kupokelea wageni. Pazia lilining'inia mlangoni kusitiri chumba tangu zamani, na ndilo lile lile linalofunguliwa mchezo unapoanza, ingawa katika shule nyingi pazia la mchezo ni kanga mbili zilizoshonwa pamoja au shuka lililoazimwa bwenini. Msuko, yaani namna matukio yanavyopangwa na kufungamana tangu mwanzo hadi mwisho, umetoka katika kusuka, na mtoto aliyemwona bibi yake akisuka ukili hana haja ya kuelezwa mara mbili kwamba uzi mmoja ukilegea mkeka wote huharibika. Kilele ni kile cha mti au cha mlima. Taharuki ni ile hali ya moyo kupigapiga na mwili kukosa kutulia, na mwandishi wa tamthilia huitafuta kwa makusudi, ili mtazamaji asiweze kuondoka kabla hajajua yatakayojiri.

Katika maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu, lililonigusa zaidi ni hadhira. Asili yake ni moja na hudhuria na hadhara, na kwa hivyo hadhira si watu wo wote wanaopendezwa na mchezo, bali ni wale waliofika, wakakaa, wakawapo. Asomaye tamthilia kitandani ni msomaji. Anaweza kuifahamu na hata kulia kwa ajili yake, lakini si hadhira. Neno lenyewe limebeba sharti la sanaa hii: pawe na mtu anayetenda na mtu aliyehudhuria, katika mahali pamoja na wakati mmoja.

Tendo na onyesho huwatatiza wanafunzi, kwa sababu vitabu havikubaliani katika matumizi yake. Katika tamthilia nyingi tendo ndilo fungu kubwa, na ndani yake mna maonyesho kadhaa, kila onyesho likibadilika panapobadilika mahali au wakati. Lakini wako waandishi waliolipendelea neno sehemu kwa fungu kubwa, na wengine wameyaacha mafungu makubwa kabisa wakabaki na maonyesho peke yake. Mwanafunzi atazame kitabu alicho nacho, wala asibishane na jirani yake. Lililo muhimu zaidi ni kwamba tendo limetoka katika kutenda, na onyesho katika kuona. Wayunani wa kale, ambao mataifa ya Ulaya yalirithi kwao sanaa ya jukwaa, waliliita jambo lenyewe drama, neno lililotokana na kutenda, na mahali pake wakapaita theatron, yaani mahali pa kutazamia. Watu wawili wa bahari mbili tofauti, kila mmoja kwa lugha yake, wameikamata sanaa hii kwa vitenzi vile vile viwili.

Kisha lipo jozi la mwigizaji na mhusika, ambalo usahilifu wake ni wa juu juu tu. Mwigizaji ni mtu wa nyama na damu, mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye jina lake na mama yake; mhusika ni yule ambaye mambo ya mchezo yanamhusu, na ambaye haishi po pote isipokuwa ndani ya mchezo. Wanafunzi huyachanganya, na madhara yake huonekana nje ya darasa: kijana aliyeigiza mwizi huitwa mwizi muhula mzima, na msichana aliyeigiza mke mkorofi hukataa kuigiza tena. Mfano bora wa kuitengua tata hii ni tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, mganga aliyewapa watu maji yaliyosadikiwa kuwakinga na risasi za Wajerumani katika vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907. Hata hivyo mwandishi aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Mwanafunzi anayejua kutenga watu watatu, yaani Kinjeketile aliyeishi, Kinjeketile wa tamthilia, na mwenzake anayemwigiza siku ya Ijumaa, amekwisha kuivuka nusu ya somo hili.

Yako maneno ambayo hayasemwi. Maelekezo ya jukwaani, yaliyoandikwa ndani ya mabano au kwa herufi za mlazo, humwambia mwigizaji aingie, aketi, anyamaze, acheke kwa uchungu. Katika madarasa mengi tamthilia husomwa kwa sauti kwa zamu, na mtoto, kwa kuwa hajafundishwa, husoma na mabano pia, akisema kwa sauti ile ile kavu kwamba anaingia kwa hasira. Maneno yale ni ya mwili, si ya ulimi. Mwalimu wetu alitukataza kuyatamka hata mara moja. Aliyefika penye mabano alipaswa kusimama na kulifanya lililoandikwa, na darasa liliposhindwa kukisia alichofanya, alirudia. Uzungumzi nafsi nao, ambapo mhusika aliye peke yake hutoa fikira zake kwa sauti, tulifundishwa kwa kuutenda: kila mmoja wetu alisimama ndani ya mstatili wa jivu akasema alilokuwa akiliwaza njiani kuja shuleni, huku wengine tukijifanya hatupo.

Maleba ni mavazi ya waigizaji, nayo hayatafutiwi uzuri bali ukweli, kwa kuwa kanzu, joho, au shati lililopasuka bega humweleza mtu kabla hajafungua kinywa. Tanzia, kwa watu wa pwani, ni habari ya kifo, na kwa hivyo likatwaliwa kuwa jina la mchezo unaomwangusha mhusika wake mkuu katika maangamizi. Kinaya ni pale hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui, akazidi kwenda mbele kwa furaha kuelekea shimoni.

Nimetangulia kusema juu ya shule, na sikuitaja kwa bahati tu. Katika fasihi ya Kiswahili tamthilia iliyoandikwa imelelewa shuleni tangu utoto wake. Henry Kuria alikuwa mwanafunzi wa Alliance High School huko Kikuyu, Kenya, alipoutunga mchezo wa Nakupenda Lakini..., uliochapishwa mwaka 1957 na ambao ni miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili kupigwa chapa. Mwaka ule ule zilitoka Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa muziki na michezo ya kuigiza katika Kenya ya wakati ule. Mwaka 1959 yakaanza mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule za Kenya, ambayo yangaliko hadi leo. Kwa upande wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere alifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuitoa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na katika mabadiliko yale ya jina mtu aweza kuona jinsi lugha ilivyokuwa ikijizoeza kumvika mgeni nguo za nyumbani. Penina Muhando akafuatia kwa Hatia mwaka 1972, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho vijana wengi waliokwenda huko walikuwa wamejifunza maneno jukwaa, pazia na onyesho kwa mara ya kwanza madarasani mwao.

Basi inanisikitisha kuona kwamba urithi huu, uliozaliwa na watoto wa shule wakiwa wamesimama, leo unafundishwa na kusomwa watu wakiwa wamekaa. Tamthilia iliyochaguliwa kwa mtihani hugeuzwa kuwa orodha ya wahusika na sifa zao, maudhui na mbinu zake. Mwanafunzi hukariri kwamba maleba ni mavazi, akaandika hivyo, akapata alama yake, asipate hata siku moja kuvaa kanzu ya mzee na kusikia mabega yake yakijiinamia yenyewe. Sisemi kwamba mtihani ni adui. Nasema kwamba maneno haya ni zana za kazi kama nyundo na mwiko, na hakuna fundi aliyejifunza mwiko kwa kuandika tafsiri yake daftarini. Wala haifai kusingizia ukosefu wa ukumbi, taa au pazia, kwani michezo mingi mizuri imechezwa uani kwa mwanga wa karabai moja.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kiswahili wenye tamthilia katika ratiba zao, kabla hawajaufungua ukurasa wa kwanza, wawatoe wanafunzi nje kwa kipindi kimoja, wachore mstatili chini kwa jivu au chokaa, wamsimamishe mtoto mmoja katikati akiwaelekea wenziwe, na wamwambie aende kushoto.