Fedha Iliyotoka Benki Mwenyewe Hana Habari



Msimu unapokaribia kila mwenye shamba huwa na fedha aliyoitenga kwa ujira wa wachumaji, kwani mchumaji hulipwa kwa pishi, wala hangoji karafuu zichambuliwe, zianikwe, zikauke na kupelekwa kituoni. Zamani fedha hiyo ilikaa sandukuni, chini ya nguo. Siku hizi wengi wetu twaiweka benki, na benki hutupa kadi. Jambo hilo ni jema, na Chama chetu kimelihimiza mara nyingi. Lakini fedha iliyo benki ina mlango ambao sanduku halikuwa nao. Yaweza kutoka usiku, mwenyewe amelala, ikavuka bahari, na alama pekee inayobaki ni mstari mmoja wa herufi katika taarifa ya hesabu.

Wanachama kadhaa wameleta taarifa kama hizo ofisini wakiuliza: “Katibu, hii ni nini?” Mmoja wao, mzee wetu wa huku Pemba, amenipa ruhusa nieleze habari yake ili iwafae wengine, kwa sharti nisimtaje jina wala kijiji. Nitaieleza kwa urefu, maana haikuwa habari ya fedha tu. Ilikaribia kumharibia kijana wa watu jina lake.

Mzee huyo alikwenda kwa wakala wa benki kutoa fedha ya wachumaji, akakuta salio halifiki alipotarajia. Alichukua taarifa ya hesabu ya miezi mitatu, na ndani yake akaona mistari sita ya manunuzi asiyoyajua, yote kwa majina ya kizungu. Kadi yake haijapata kutoka nyumbani isipokuwa anapokwenda kwa wakala, na kwa wakala huishika kijana mmoja, akaitia katika mashine. Basi nani mwingine? Siku ile ile habari ilifika kwa sheha, na jioni yake barazani jina la kijana lilikuwa limekwisha chafuka. Sheha, Mungu amjaalie kheri, hakuwa na haraka. Alimwambia mzee: “Ipeleke kwanza karatasi hiyo kwa Katibu, isomwe.”

Tuliisoma. Na jambo la kwanza nililomwomba mzee ni kwamba asitazame kiasi cha fedha, atazame majina na tarehe.

Jina linaloandikwa katika taarifa ya benki mara nyingi silo la duka unalolijua. Ni jina ambalo mwenye duka amejisajili nalo kwa ajili ya kupokea malipo ya kadi, au jina la kampuni inayomkusanyia. Manunuzi yanayofanywa katika duka la programu za simu za Android hutanguliwa na neno GOOGLE, kisha alama ya nyota, kisha jina la programu au la aliyeitengeneza. Ya simu za iPhone huandikwa APPLE.COM/BILL, wala hayasemi kitu gani kimenunuliwa. Baada ya jina hufuata mji au herufi za nchi. Mtu asishtuke akiona nchi ambayo hajapata kuikanyaga: huko ndiko iliko ofisi ya muuzaji, siko alikokaa mnunuzi.

Kiasi nacho huwapoteza watu. Mzee alikuwa na mistari mitatu yenye jina moja, kila mmoja na shilingi zake, akadhani ameibiwa vitu vitatu mbali mbali. Lakini bei za vitu hivi nyingi ni za dola. Tuseme kitu ni dola 4.99. Siku ambayo benki inabadilisha dola moja kwa shilingi 2,600 mtu atakatwa shilingi 12,974, na siku ya shilingi 2,500 atakatwa 12,475. Juu yake benki yaweza kuongeza ada yake ya kubadilisha fedha. Kitu ni kile kile, karatasi yasema vingine. Tulipotazama tarehe, mistari ile mitatu ilikuwa imepishana mwezi mmoja mmoja, kama kodi ya nyumba. Mwizi mwenye kadi ya mtu mkononi mara chache huwa na subira namna hiyo. Malipo yanayokuja kila mwezi kwa tarehe ile ile mara nyingi ni usajili, yaani kuna mtu wa nyumbani aliyekubali kitu, nacho kinaendelea kujilipia.

Nilimwuliza mzee kama amepata kumpa mtu yeyote namba za kadi, si kadi yenyewe. Alikataa. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: “Labda Idd iliyopita, alipokuja huyu mwanangu wa Lagangabilili.”

Wasioijua Lagangabilili, ni makao makuu ya wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma na ni nchi ya pamba. Kama huku biashara yote inavyongoja karafuu, huko hungoja pamba, na mahali penye zao la fedha Mpemba hakosi kufungua duka. Mtoto wa mzee wetu ana duka la nguo huko, na anaishi na mkewe na mtoto wao wa miaka tisa.

Tukampigia simu mbele ya mzee. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimsomea majina yale, moja baada ya jingine. Jina la kwanza alilitambua papo hapo. “Hilo ni somo la Kiingereza la huyu mjukuu wake. Baba mwenyewe alinipa namba za kadi nikalisajili, na juma la kwanza lilikuwa bure. Lakini nimekwisha lifuta siku nyingi, Maalim!”

Hapo ndipo penye fundo, na nawaomba wanachama wapatilie maanani. Kuifuta programu katika simu si kufuta usajili wake. Ni kama mtu aliyepanga chumba mjini, akaondoa vyombo vyake, asimwambie mwenye nyumba kuwa amehama: kodi yaendelea. Usajili hufutwa mahali pake. Katika simu ya Android mtu hufungua duka la programu la Google, akabonyeza picha ya akaunti yake pembeni juu, akaingia penye “Malipo na usajili”. Humo ataona kila usajili ulio hai. Humo humo, penye “Bajeti na historia”, ataona kila alichonunua kwa tarehe yake, na kila ununuzi una namba inayoanza na herufi GPA. Katika iPhone usajili huonekana katika mipangilio, chini ya jina la mwenye simu. Stakabadhi nazo hutumwa kwa barua pepe, basi hatua ya mwanzo kabisa ni kutafuta katika barua pepe tarehe ile iliyo katika taarifa, ukiongeza siku mbili tatu mbele na nyuma, maana siku ya kununua na siku ambayo benki huandika hazilingani sikuzote.

Mistari miwili iliyofuata ilikuwa ya siku moja, Jumamosi, yenye jina la mchezo. Kijana alikuwa hana habari nayo. Alifungua ile historia tukiwa bado katika simu, akakuta manunuzi mawili usiku wa siku hiyo, dakika chache kati yake: almasi za mchezo. Kisha tulisikia anamwita mtoto, na mazungumzo yaliyofuata si yetu kuyasikiliza.

Mtoto hakuiba kwa maana ya kuiba. Namba za kadi zilizowekwa mara moja kwa ajili ya somo zilibaki zimehifadhiwa katika akaunti ya simu, na mtoto aliyebonyeza “nunua” hakuulizwa kitu. Mwenye simu aweza kuamuru kwamba kila ununuzi udai nywila au alama ya kidole. Aweza pia kuiondoa kadi katika akaunti baada ya kuitumia, na mimi naona hilo ndilo bora kwa mtu anayenunua mara moja kwa mwaka. Kwa manunuzi kama yale Google kwa kawaida hupokea ombi la kurudishiwa fedha ndani ya saa 48. Yakipita hayo mtu huelekezwa kwa mwenye mchezo, na huko jibu si la hakika.

Hata hapa mistari mitano ilikuwa imekwisha pata wenyewe, na wote ni wa ukoo mmoja. Mzee alikaa kimya. Nami sikusema kitu, kwani yule kijana wa wakala sote tulikuwa tukimfikiria.

Ukabaki mstari wa sita. Ulikuwa mdogo kuliko yote, haufiki dola mbili, kwa jina ambalo mzee, mwanawe wala mimi hatukulijua, na katika historia ya simu haukuwamo. Mtu angeweza kusema ni kitu kidogo, kiachwe. Sivyo. Mstari mdogo usio na mwenyewe ndio wa kuogopwa kuliko mkubwa. Mara nyingine huwa ni duka halali linalojaribu kama kadi ni hai, na fedha hiyo hurudi baada ya siku chache. Lakini wezi nao hufanya jaribio lile lile: hukata kidogo, na kama mwenyewe haamki, hurudi kwa kikubwa.

Wanachama watauliza mwizi alizipataje namba ilhali kadi haikutoka nyumbani. Zaweza kuvuja kutoka katika daftari za duka lolote ambako zilipata kuandikwa. Na zaweza kubuniwa. Namba nyingi za kadi zina tarakimu 16. Zile 6 au 8 za mwanzo ni za benki, na ile ya mwisho ni ya kuhakikisha nyingine, kwa hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1960. Hesabu hiyo iliwekwa ili kugundua makosa ya kuandika, haikukusudiwa kuzuia wezi. Mwenye kompyuta aweza kuunda maelfu ya namba zinazokubaliana na hesabu hiyo, akazijaribu moja moja madukani mpaka apate iliyo hai. Kwa hiyo mtu wa mwisho kuishika kadi yako kwa mkono huenda hahusiki hata kidogo.

Tulifunga kadi siku hiyo hiyo kwa simu ya benki, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Siku ya pili mzee alikwenda tawini akajaza fomu ya kukana malipo, kwa mstari ule wa sita peke yake. Ile mitano hakuikana, na alifanya haki, maana kukana malipo ambayo mtu wa nyumbani kwako ameyafanya ni kumdhulumu muuzaji, na benki ikigundua haitakusadiki mara nyingine. Kwa madai mengi ya ulaghai kanuni za Visa na Mastercard hutoa muda wa siku 120. Hata hivyo asingoje mtu mpaka ziishe, kwani benki yenyewe yaweza kuweka muda mfupi zaidi katika masharti yake. Omba nakala ya fomu yenye muhuri na tarehe. Omba pia namba ya rejea ya malipo yale, yenye tarakimu 23, ambayo benki hutumia kuyafuata mpaka kwa benki ya muuzaji. Hiyo ndiyo stakabadhi ya mzani wetu: bila ya hiyo, maneno ni mengi na ushahidi hapana.

Benki huenda ikauliza kama namba ya uthibitisho ilifika katika simu yako. Kama ilifika nawe ukaisoma kwa mtu aliyekupigia, dai lako limekuwa dhaifu sana. Kama haikufika, sema hivyo: si kila duka la mtandaoni huidai, na malipo ya usajili ya kila mwezi hayaidai kila mara. Na anayepewa kadi mpya asidhani kwamba usajili wa zamani umekufa na kadi ya zamani. Mitandao ya kadi ina utaratibu ambao waweza kumpasha muuzaji namba mpya, basi usajili ufutwe kwanza.

Asiyeridhika na jibu la benki yake aweza kupeleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja, chini ya Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Wizi wenyewe ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mahali pake ni polisi. Ujumbe wa kitapeli unaofika simuni, wa kutaka namba za kadi au fedha, hupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Dai la mzee halijajibiwa hadi naandika. Usajili wa somo umefutwa kule Lagangabilili, na mwanawe ameahidi kurudisha fedha ya almasi pamba ikishauzwa. Ama yule kijana, mzee alikwenda mwenyewe mpaka kibandani kwake, saa ya watu wengi, akamtaka radhi mbele yao. Kisha akaomba sheha awaarifu wale waliosikia maneno ya mwanzo, kwani waliosikia shutuma huwa wengi kuliko wanaosikia radhi.

Mwanachama mwenye taarifa ya hesabu asiyoielewa na ailete ofisini, siku yoyote ya kazi isipokuwa siku za mnada. Alete karatasi ya miezi mitatu iliyo kamili, na simu inayotumika nyumbani. Namba ya siri asije nayo, wala asinitajie mimi. Nisipokuwapo, karani ana orodha ya majina tuliyokwisha yatambua, ataitazama.

Katibu wa Chama