Bei ya Jina, Thamani ya Fungu

Soko la barua za kale lina tabia moja: hulipia jina lililo mwisho wa karatasi. Kabaila wa Ireland akimshukuru jirani yake kwa ndege wa kuwinda, barua hiyo yaweza kugombewa mnadani, huku kurasa nne za msimamizi wa mashamba yake, zinazoeleza wapangaji gani wameshindwa kulipa kodi na kwa nini, zikikosa mnunuzi. Kwa mkusanyaji wa sahihi, hilo halina ubaya. Kwa anayetaka kujua watu wale waliishi vipi, huko ni kununua ganda na kuacha kokwa.

Ubaguzi huu una mizizi mirefu. Kabla ya mwaka 1840, kwa kawaida gharama ya barua ilikuwa juu ya mpokeaji, nayo ilipimwa kwa umbali na idadi ya karatasi. Bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili, hivyo watu walikunja karatasi yenyewe, wakaifunga kwa lakiri na kuandika anwani mgongoni. Mwenye mengi ya kusema alijaza ukurasa, akaugeuza ubavu, akaandika tena juu ya mistari ile ile. Msomaji wa leo anahitaji mwanga na subira. Mpokeaji wa wakati ule alihitaji na pesa pia.

Wabunge na malodi hawakupata taabu hiyo. Sahihi yao juu ya anwani iliifanya barua isafiri bure, na jamaa zao hawakuchoka kuwaomba sahihi. Waliosamehewa gharama, kama kawaida, ndio waliokuwa na uwezo wa kuilipa. Haki hiyo ilifutwa Januari 1840, posta ya peni moja ilipoanza. Sahihi zile ziliwavutia wakusanyaji: wakakata kipande chenye jina, wakakibandika kwenye albamu, na barua ikaenda na takataka.

Moto nao ulichukua sehemu yake. Sheria ya ardhi ya Ireland ya 1903, iliyopewa jina la waziri George Wyndham, iliwakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba, na makabaila waliokubali kuuza wakaongezewa asilimia 12 juu ya bei. Jumba likabaki bila kodi ya kulitunza. Kisha, katika vita vya uhuru na vile vya wenyewe kwa wenyewe, majumba zaidi ya 200 yalichomwa, mengine pamoja na makabati yake ya nyaraka. Tarehe 30 Juni 1922 mlipuko uliiteketeza Hifadhi ya Nyaraka za Umma kwenye jengo la Four Courts, Dublin. Wasia, sensa na kumbukumbu za mahakama za karne nyingi zikawa majivu. Tangu hapo, mtafiti anayetafuta jina la mkulima wa kawaida hulazimika mara nyingi kupekua karatasi za familia zilizomtoza mkulima huyo kodi. Waliokuwa na ardhi wakaishia kuwa na kumbukumbu pia.

Strokestown, katika jimbo la Roscommon, inaonyesha maana ya jambo hili. Mwaka 1979 Jim Callery, mfanyabiashara wa magari, alinunua shamba na jumba la ukoo wa Pakenham Mahon kwa kuwa biashara yake ilihitaji nafasi. Humo akakuta maelfu ya karatasi za usimamizi wa shamba, likiwamo ombi la wapangaji wa Cloonahee la mwaka 1846, viazi vilipoharibika, wakitaka wapewe kazi ili wasife njaa. Mwaka uliofuata watu 1,490 wa shamba hilo walipelekwa Kanada, wengi wakafia njiani, na Novemba mwenye shamba, Denis Mahon, akauawa kwa risasi. Karatasi zile zikazaa makumbusho ya njaa kuu, yaliyofunguliwa mwaka 1994. Zingeuzwa moja moja, nyingi zisingegharimu chakula cha mchana, na sauti ya wapangaji, iliyotunzwa na kabati la mwenye ardhi, ingetawanyika.

Fungu la barua lina nguvu hata pasipo na njaa wala risasi. Emily, mke wa Duke wa Leinster, aliandikiana kwa miaka mingi na dada zake, miongoni mwao Louisa Conolly wa Castletown. Wanawake hao hawakuwa na kiti bungeni. Walichokuwa nacho ni kalamu. Emily alizaa watoto 22, na mmoja wao, Lord Edward FitzGerald, alikufa kifungoni mwaka 1798 akiwa kiongozi wa uasi. Barua za familia hiyo zilichapishwa katika juzuu tatu kati ya 1949 na 1957. Ukizisoma kwa mfululizo, habari za mapambo ya nyumba, maradhi ya watoto na siasa zinaelezana. Barua moja peke yake ni jibu lisilo na swali.

Dalali anayajua haya, lakini anajua pia kwamba fungu likivunjwa, majina hulipa moja moja. Kwa hiyo wajibu unamwangukia mnunuzi: aandike barua ilitoka wapi na ililala karibu na zipi, asitenganishe anwani na maneno, na aipe hifadhi ya nyaraka nakala ya picha. Akumbuke pia kwamba amenunua karatasi tu. Haki ya kuchapisha maneno hubaki kwa mwandishi na warithi wake mpaka muda wa sheria uishe.

Asiye na fedha nyingi hana haja ya kujihurumia. Jina la Duke awaachie wenye uwezo wa kulitundika ukutani. Barua ya msimamizi, yenye madeni, mvua na majina ya watu wasio na picha, anaweza kuimudu, nayo ndiyo yenye habari.