Ugomvi wa nzi wa embe wapimwa maabara

Ukali wa nzi wa embe hupimwa kwa kuhesabu: amemrukia mwenzake mara ngapi, amempiga kichwa mara ngapi, na nani ameondoka.

Hesabu hiyo inawahusu wenye miembe wa Palma, Mocímboa da Praia hadi Pemba, mkoani Cabo Delgado, Msumbiji. Nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaonekana Msumbiji mwaka 2007 huko Cuamba, mkoani Niassa, kisha akaingia Cabo Delgado. Kule Nguruman, Kenya, miaka 4 ilimtosha kufikia asilimia 98 ya nzi walionaswa mitegoni. Mwenyeji aliyekuwa akitawala maembe, Ceratitis cosyra, akawa wa kutafutwa.

Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walilipeleka pambano hilo maabara na kutoa matokeo mwaka 2009. Uwanja wenyewe ni kuba la ganda la embe, ambapo majike hutua kutaga. Kwanza cosyra huwekwa peke yao, ihesabiwe wangapi wanatua na wangapi wanataga; ndipo huchanganywa na mgeni. Bila hatua ya kwanza, nzi aliyefukuzwa hatofautiani na nzi asiye na hamu ya kutaga. Walipochanganywa, cosyra waliotua walipungua. Mgeni huwarukia kwa mwili mzima au huwapiga kichwa mpaka waliachie ganda. Ndani ya tunda nako hakuna amani: funza wa aina zote mbili wakikaa embe moja, wa cosyra hufa zaidi, na wanaopona hugeuka pupa wepesi.

Vinzi vidogo vya ndizi mbivu, Drosophila, navyo hugombana, lakini ni ukoo mwingine. Ugomvi wa madume yao uliandikwa tangu 1915. Hao hupimwa kwenye kikombe cha chakula: dume husimama kwa miguu ya nyuma, akamshukia mpinzani kwa ile ya mbele.

Bado wapo wanaosema funza wa embe huletwa na mvua, au kwamba mti umerogwa. Funza hutoka kwenye yai lililotagwa na nzi, basi. Wala si minyoo ya tumbo. Anayeuza hirizi ya kufunga shinani na anayeuza dawa ya chupa isiyo na lebo wanakula pesa za watu bure.

Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yafungwe ndani ya mfuko mweusi na kuanikwa juani, au yafukiwe kwa kina. Mtego wa methili yujenoli, chambo cha harufu, hunasa madume tu. Majike huendelea kutaga.