Profesa Francisco Tomás y Valiente na habari za mateso katika sheria

Mara nyingi tunasikia watu wakisema juu ya mutu aliyekamatwa: «Mupigeni kwanza, atasema kweli.» Neno hili si la leo. Katika Ulaya liliandikwa ndani ya vitabu vya sheria, likafundishwa katika universite, likashikwa na waamuzi wenye heshima kwa muda wa miaka zaidi ya mia tano. Nataka kuwaelezea maisha ya mutu mumoja wa Hispania aliyechunguza gisi neno hilo lilivyoingia katika sheria, na gisi lilivyotolewa. Jina lake ni Francisco Tomás y Valiente. Alikuwa mwalimu wa historia ya sheria, akawa mwamuzi mukubwa wa inchi yake, na mwisho akauawa ndani ya biro yake ya kazi.

Masomo yake

Alizaliwa Valencia, muji wa pwani ya mashariki ya Hispania, tarehe 8 desemba 1932. Hakutimiza bado miaka mine, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza (1936-1939). Nyuma ya vita hivyo Jenerali Franco alitawala mpaka kufa kwake mwaka 1975. Basi kijana huyu alikomaa katika inchi ambamo mutu mumoja tu alikuwa na neno la mwisho. Alisoma sheria kwao Valencia. Mwaka 1964 akawa profesa wa Salamanca, ile universite ya zamani ambamo Padri Francisco de Vitoria, Mudominikani, alifundisha teolojia tangu 1526 mpaka 1546. Alikaa huko mpaka mwaka 1980, kisha akahamia Universite Autónoma ya Madrid.

Pengine mutauliza: historia ya sheria ni elimu gani? Mwenye kusoma sheria anauliza: sheria inasema nini? Mwenye historia ya sheria anaendelea kuuliza: ni nani aliyeiweka? Ilimufaa nani? Ilimuumiza nani? Na kwa sababu gani watu wema waliiona kuwa ni haki? Kwa maswali hayo Tomás y Valiente alitoa mwaka 1969 kitabu juu ya sheria za azabu chini ya wafalme wa Hispania wa karne ya 16, ya 17 na ya 18. Mwaka 1973 akatoa kingine juu ya mateso ya tribinali katika Hispania. Angalieni mwaka huo. Franco alikuwa bado hai, na polisi yake ilijulikana kwa kutesa wafungwa. Kitabu kilisema habari za wafalme waliokufa zamani, lakini wasomaji wake walikuwa na macho.

Gisi mateso yalivyokuwa sheria

Wengi wanazani kwamba mateso ya zamani yalitoka katika ukali wa moyo tu. Sivyo. Yalikuwa kazi ya watu wa akili, yenye kanuni zake. Katika karne ya 13 Mufalme Alfonso X aliamuru kuandika kitabu kikubwa cha sheria, jina lake Siete Partidas, ni kusema Sehemu Saba. Katika sehemu ya saba kuna fungu zima lenye kueleza gani ateswe, na gisi gani.

Tufuate kanuni hiyo pole pole. Ili mutu ahukumiwe kufa, mwamuzi alipaswa kuwa na ushuhuda kamili: mashahidi wawili walioona kwa macho yao, ao maungamo ya mushitakiwa mwenyewe. Kanuni hii ni nzuri, sababu inazuia mwamuzi kuua kwa kusikia fununu. Lakini muuaji haiti mashahidi. Basi mara nyingi mwamuzi alikuwa na shahidi mumoja tu, ao alama fulani, nao waliita hivyo nusu ya ushuhuda. Nusu ya pili aitafute wapi? Akaitafuta katika kinywa cha mushitakiwa, kwa nguvu ya kamba na ya maji.

Sheria yenyewe ilijua kwamba mutu mwenye kuumizwa anaweza kusema lolote. Kwa hiyo ilitaka kesho yake aulizwe tena, mbali na chumba cha mateso, kama anashika neno lake la jana. Kanuni nzuri tena! Lakini akikana, mwamuzi aliweza kumurudisha kwenye kamba. Mutu anayejua kwamba kamba ingali inamungojea, hiyari yake iko wapi?

Halafu kuna orodha ya watu wasioweza kuteswa kufuata kitabu hicho: mutoto chini ya miaka 14, mwanamuke mwenye mimba, mutu wa ukoo wa heshima, na mwalimu wa sheria. Someni tena neno la mwisho. Walimu wa sheria waliokubali kamba kwa ajili ya wengine, wao wenyewe hawakuijua. Huu ndio ukweli unaofumbuliwa na historia: kanuni inayoitwa ya wote ilikuwa inawaangukia wanyonge.

Mabishano na mwisho wake

Katika mwaka 1764 Cesare Beccaria, mutu wa Milano, alitoa kitabu kidogo juu ya makosa na azabu. Tomás y Valiente mwenyewe alikitafsiri katika lugha ya Hispania. Beccaria anaonyesha kwamba mateso yanapima nguvu za mwili, hayapimi ukweli. Mwizi mwenye mifupa migumu anavumilia, anaachwa huru. Mutu mwema mwenye mwili munyonge anashindwa, anahukumiwa. Basi asiye na kosa yuko katika hali mbaya kuliko mukosaji.

Katika Hispania, Alfonso de Acevedo aliandika mwaka 1770 kushitaki mateso hayo. Ni nani aliyemujibu? Mwaka 1778 padri mumoja, kanoni Pedro de Castro, alitoa kitabu cha kuyatetea. Habari hii inatuchoma sisi mapadri, lakini tusiifiche. Hatuna sababu ya kusema kwamba kanoni huyu alifurahia uchungu wa watu. Alitetea desturi ya wazee na sheria ya inchi, akizani kwamba jambo likiwa la zamani na likiandikwa, limekuwa haki. Kumbe tayari katika mwaka 866 Papa Nikolao wa kwanza aliwaandikia Wabulgari kwamba maungamo yatoke kwa hiyari, yasitolewe kwa mateso. Neno hilo likasahauliwa, hata katika mwaka 1252 Papa Inosenti wa ine akaruhusu mateso juu ya wazushi. Mutaguso wa pili wa Vatikano, katika mwaka 1965, ulihesabu mateso ya mwili na ya roho katika mambo ya aibu yanayomuchukiza Muumba.

Katika Hispania baraza la Cádiz lilikataza mateso ya tribinali tarehe 22 aprili 1811, na Mufalme Fernando wa saba naye akayakataza mwaka 1814. Lakini kufuta neno katika kitabu si kulifuta katika chumba cha polisi.

Mwamuzi

Nyuma ya kufa kwa Franco, Hispania ilipata Katiba mupya mwaka 1978. Katiba hiyo inakataza mateso, tena inasema kwamba kila mushitakiwa ahesabiwe kuwa bila kosa mpaka kosa lionekane wazi. Ili kulinda Katiba iliwekwa Tribinali ya pekee yenye waamuzi 12, nayo ilianza kazi mwaka 1980. Mutu yeyote akiona kwamba wakubwa wamemunyanganya haki zake za musingi, na tribinali nyingine hazikumusaidia, anaweza kubisha mulango wake. Tomás y Valiente alichaguliwa kati ya waamuzi wa kwanza, akawa mukubwa wao tangu 1986 mpaka 1992.

Katika mwezi wa saba mwaka 1981 Tribinali hii ilitoa hukumu yenye maana kubwa. Watu walihukumiwa kwa sababu waliungama mbele ya polisi, lakini mbele ya mwamuzi walikana. Tribinali ikajibu kwamba neno lililosemwa kwa polisi peke yake halitoshi, yafaa ushuhuda wa kweli uletwe mbele ya waamuzi. Mutaona kwamba ni jambo lile lile la Siete Partidas, ila sasa kamba imekatwa.

Kifo chake

Alipomaliza kazi ya mwamuzi alirudi kufundisha katika Universite Autónoma. Siku zile kikundi cha ETA, kilichotaka kutenga inchi ya Wabaski kwa nguvu ya silaha, kiliua watu wengi. Tangu kuanzishwa kwake mwaka 1959 mpaka kilipojivunja mwaka 2018 kiliua zaidi ya 800. Na katika miaka 1983-1987 wauaji wengine, waliosaidiwa kwa siri na watu wa serikali, walijaribu kujibu damu kwa damu, wakaua watu 27. Tomás y Valiente alikataa njia zote mbili. Aliandika mara nyingi kwamba serikali ina haki ya kujikinga, tena ijikinge kwa nguvu, lakini isitoke katika sheria.

Tarehe 14 februari 1996, asubuhi, alikuwa katika biro yake ya universite, akisema kwa simu na profesa mwenzake. Kijana wa ETA akaingia, akamupiga risasi, akamuua. Yule mwenzake alisikia kwa simu. Kesho yake gazeti moja la Madrid likatoa makala aliyokuwa ameiandika juu ya vishawishi vya serikali. Wanafunzi wake walipaka mikono yao rangi nyeupe wakaiinua juu, kuonyesha kwamba mikono yao haina damu, na hawataki kulipa kisasi.

Muuaji alikamatwa. Mwaka 2007 alisimamishwa mbele ya waamuzi, akiwa na avoka wa kumutetea, akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Yeye hakumupa profesa hata nafasi ya kujibu neno moja. Tribinali ilimupa muuaji nafasi ya kujibu yote. Hapo ndipo maisha ya mwalimu huyu yanafundisha kuliko vitabu vyake.

Basi, ndugu wasomaji, tukisikia tena watu wakisema «mupigeni kwanza», tukumbuke kwamba wenye elimu kubwa kuliko sisi walisema hivyo zamani, na walikosea. Sheria haikuwekwa kwa ajili ya watu tunaowapenda tu. Mushitakiwa tunayemuchukia ndiye kipimo chake.