UZI WA PARACHUTI USIPASUE ROKETI YA MTOTO

Chupa tupu za soda za lita 2 hazikosekani mjini Mbarara, wala katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Mtoto akiokota moja na kuomba pampu ya baiskeli, mzazi asiharakishe kumkemea. Huenda anakusudia kuunda roketi ya maji: chupa hutiwa maji hadi robo au theluthi, hujazwa hewa, na maji yakifyatuka kwa nyuma chupa hupaa. Kupaa si kazi. Kazi ni kushuka.

Juu ya chupa huunganishwa bomba la karatasi ngumu lenye parachuti ya kavera, likafunikwa kwa kofia isiyobana. Roketi ikifika kileleni na kupoteza mwendo, kofia huanguka na parachuti hutoka. Kofia ikilegea mno hutoka mapema, roketi ingali mbioni. Parachuti hufunguka kwa kishindo, uzi hukazwa juu ya ukingo wa bomba na kulichana toka mdomoni hadi chini, kama kisu kinavyochana ganda la ndizi. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya hewa huwa mara nne. Kofia ikibana mno ni hatari zaidi, kwani chupa hurudi kama jiwe, na chini wamesimama watoto.

Askari wa miavuli wanalijua jambo hili kwa miili yao. Miavuli mingi ya jeshi hutoka ikiwa ndani ya mfuko; kamba hunyooka kwanza, kitambaa hufunguka baadaye, ili mshtuko usimuumize mrukaji. Nasi nyumbani tufuate hekima hiyo. Uzi uwe mrefu, angalau mara 3 ya urefu wa roketi, na kipande chake kiwe cha lastiki. Uzi mwembamba wa kushonea viatu ndio adui mkubwa. Panapogusa ukingo pavishwe utepe mpana wa kitambaa, au pafungwe kifundo kinene cha plasta, ambacho husukuma ukingo bila kuukata. Ukingo wenyewe upakwe gundi ya mbao mara mbili. Katikati ya parachuti pawe na tundu dogo. Hewa ikipenya, mshtuko hupungua na parachuti haiyumbi.

Kuhusu mahali, Mbarara ina nyumba na nyaya nyingi za umeme. Nakivale ina mbuga wazi, ila kwanza iombwe ruhusa ya mkuu wa makazi. Tena wengi wanaoishi huko walikimbia milio ya bunduki Kongo, Burundi na Somalia; mlipuko wowote, hata wa mchezo, ni kuwatesa. Kwa sababu hiyo, na kwa usalama wa watoto wetu, ndugu askari asithubutu kuchomoa baruti ya risasi kwa ajili ya roketi. Maji na hewa vinatosha. Chupa yenye mkwaruzo isitumike, maana yaweza kupasuka ikijazwa, na watazamaji wakae mbali.

Kabla ya kurusha, baba au mama aishike chupa kwa nguvu, mtoto avute parachuti kwa ghafla mara tatu. Ukingo ukijikunja, upakwe gundi tena, na roketi ingoje kesho yake hadi ikauke.